MUULIZE MJOMBA: Nimeombewa mara tatu na bado narudi kulekule

Wiki hii barua ni tatu na zote zinagusa jambo moja, ngono na video zake zinazomshinda mtu kuacha, sikupanga iwe hivyo zimekuja zenyewe. Nimeondoa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu. Kama gazeti hili linasomwa na watoto hapo nyumbani naomba ukurasa huu wausome wakubwa kwanza.

Barua ya kwanza

Kamwene Mjomba, shikamoo. Mi ni dereva wa semi nina miaka 37, nyumbani Mafinga, nina mke na watoto wawili na kanisani ni mzee wa kanisa yaani watu wananiheshimu kabisa. Ila kuna kitu kinanimaliza. Kilianza na video za ngono kwenye simu, nikishapaki usiku nanunua bando naangalia mpaka saa tisa, baadae video zikawa hazitoshi nikaanza wanawake wa gesti, Makambako, halafu Tunduma pale tukikaa kwenye foleni ya boda siku tatu nne ndo balaa lenyewe. Nikimaliza nalia kwenye kebini, naapa sirudii, nafuta namba nafuta na video, wiki haipiti. Hela ya ada ya mtoto nimeila nikachukua mkopo wa kausha damu kuziba, mke hajui mpaka leo. Nimeombewa mara tatu, mara ya mwisho nikaambiwa nina jini mahaba likakemewa nikaanguka chini nikaamka mwepesi kabisa, siku 19 tu nikarudi kulekule. Sasa dereva mwenzangu kaniambia na yeye alikuwa hivihivi na huu ni mwaka wa pili yuko salama, kuna kikundi wanakutana Mbeya kila alhamisi jioni wanaambiana ukweli. Nikamuuliza mchungaji wangu bila kusema ni mimi, akasema vikundi vya "Mungu kama unavyomwelewa wewe" ni dini mpya, na wengine mtaani wanasema ni frimasoni. Niende nisiende? Na nikimkuta mtu anayenijua je? Naogopa Mjomba.
*Dereva, Mafinga*

Mjomba anajibu

Marahaba mwanangu, kamwene. Nenda. Nakujibu hilo kwanza ili hata ukiishia mstari huu uwe umepata ulichokitafuta, alhamisi ikikukuta Mbeya paki gari nenda.

Sasa nikwambie kwa nini nina uhakika. Mjomba huyu unayemsoma alikuwa wewe. Sikuwa dereva, nilikuwa mtu wa ofisi na tai, lakini kujificha kulikuwa kulekule, laini ya pili naiweka chini ya zulia la gari, semina za Iringa ambazo hazikuwepo, mshahara unaisha tarehe kumi na mama watoto namwambia nimemkopesha mtu. Miaka kumi na moja. Na mimi niliombewa, nilifunga siku tatu kavu, nilipanda Loleza usiku kuomba peke yangu na ile baridi nikashuka nalia kwa furaha nikijua yameisha, na jumamosi ya wiki ileile nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha gesti naangalia ukuta.

Sisemi yale maombi yalikuwa ya uongo. Mungu alinisikia kule mlimani naamini hivyo mpaka kesho. Ila rudia barua yako uangalie kitu kimoja, umeombewa mara tatu, kati ya hao waliokuwekea mikono kuna hata mmoja aliyejua hasa umefanya nini, wapi, na umekopa shilingi ngapi? Nahisi ulisema una mapito, wote tunasema tuna mapito. Wakakemea kitu wasichokijua, ukarudi kwenye gari na siri yako ileile uliyokuja nayo, tena sasa ni nzito zaidi maana umeshatoa ushuhuda kwamba umefunguliwa, utarudi vipi kusema umeanguka? Na jumanne yake nani alikupigia kukuuliza umeshindaje? Mimi hicho ndo kitu nilichokuja kukielewa kwa gharama kubwa, kwamba huu ugonjwa unakula siri. Jini au si jini sitabishana na waliokuombea, lakini hata kama ni jini lilikuwa linalishwa, na chakula chake ni kwamba hakuna mtu anayejua.

Mara ya kwanza nilizunguka lile jengo mara nne. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mbeya unaijua, nimevaa koti na kofia ya sufu mpaka machoni kama mwizi. Ndani nikakuta watu watano, viti vya plastiki, chupa ya chai. Hakuna mishumaa wala damu wala kiapo, hiyo ya frimasoni iondoe kichwani kabisa, wala hakuna mtu anayehubiri mbele. Mzee mmoja rika la baba yangu akataja jina lake la kwanza tu, akasema mimi ni mraibu wa ngono, leo ni siku ya 412, jana mchana nilitaka sana kwenda nikampigia huyu hapa tukaongea mpaka ikapita. Basi. Wakamwambia asante akaendelea mwingine. Mwanangu kooni nilikabwa. Maisha yangu yote sijawahi kusikia mwanaume anasema hicho kitu bila kujisifia na bila mtu kumtukana. Zamu yangu ilipofika nikasema nasikiliza tu, hakuna aliyenilazimisha. Wiki ya tatu ndo nikafungua mdomo, nikasema yote mpaka ile ambayo niliapa nitazikwa nayo, nikategemea waniangalie vibaya, yule mzee akanimiminia chai akaniuliza wiki ijayo unakuja?

Tuje kwenye hofu ya mchungaji wako, maana najua ndo inayokushika mguu na sitaki umwone ni mtu mbaya, anawalinda kondoo wake. Hii njia ilianzia Marekani mwaka 1935, mji wa Akron, walevi wawili, mmoja mtu wa biashara ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji, wakagundua kwamba mlevi akikaa akaongea ukweli na mlevi mwenzake basi siku hiyo wote wawili wanalala bila kunywa. Wakaja wakaiandika kuwa hatua 12. Miaka ya 1970 watu wenye tatizo letu wakazichukua hatua hizohizo, kundi moja 1977 Minneapolis na lingine 1979, na hapa kwetu sober house za Zanzibar na za bara, hizi nyumba za upataji nafuu, vijana waliotoka kwenye heroini wanatembea nazo mpaka leo. Hayo maneno ya Mungu kama tunavyomwelewa yaliwekwa ili mtu asikwame mlangoni, maana wengine wanafika wakiwa wamemkasirikia Mungu, wengine hawamjui. Chumbani kwetu kuna Mmoraviani, Walutheri, Mkatoliki, Waislamu wawili na kijana mmoja asiyejua anaamini nini, na Mmoraviani hajaacha kuwa Mmoraviani. Mimi ndo hapo niliporudi ibadani kama mtu mwenye njaa, mwanzo nilikuwa naenda kuonekana.

Halafu hatua zenyewe mpelekee azisome. Ya kwanza ni kukiri kwamba umeshindwa na maisha yamekutoka mkononi, na Paulo aliwaandikia Warumi kuwa lile jema nilipendalo silitendi. Ya nne unakaa chini unaandika hesabu ya maisha yako bila kujionea huruma, ya tano unakiri kwa Mungu, kwa nafsi yako, na kwa mtu mwingine. Hapo kwenye mtu mwingine ndo watu wengi tunagoma. Lakini Yakobo 5:16 inasema ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa. Makanisa yetu huku nyanda za juu tumeshika sana hiyo ya kuombeana, tunakesha, tunafunga, na nashukuru. Ile ya kuungama ninyi kwa ninyi imetangulia kwenye mstari uleule na tumeiruka.

Kama mkeo yuko kwenye kikoba muulize kwa nini sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu. Mweka hazina si mwizi, ila wanajua hela ikilala na mtu mmoja na shida ikagonga hodi usiku atafungua. Wewe funguo zote tatu umejishikia mwenyewe na kila ukifungua unajishangaa. Kwenye kikundi unagawa funguo. Utapata sponsa, yaani mtu aliyetangulia njiani, mwanaume mwenzako, unampigia KABLA. Ukitoka Igawa unampigia, ukikaribia Tunduma unampigia, unamwambia nina shilingi kadhaa mfukoni na nina hasira bosi hajalipa posho. Maana utakuja kugundua mwili hauamki hivihivi tu, kuna vitu vinne vinautangulia, njaa, hasira, upweke na uchovu, sasa nitajie kazi nyingine yenye hivyo vinne kwa usiku mmoja kama ya semi. Safari nenda na simu ya kitochi, ile kubwa iache Mafinga au muulize tajiri kama lazima, hela ya njiani beba ya chakula tu. Na usiape tena maisha yako yote, hicho kiapo kimekuvunja vya kutosha, sema leo sifanyi, kesho asubuhi unasema tena.

Wiki za mwanzo zitakuwa mbaya sitakudanganya, usingizi utapotea, utakuwa mkali kwa vitu vidogo, utalia bila sababu. Ni kama mwili umezoea kumeza huzuni kwa dawa moja na sasa huzuni zote zinakuja kudai kwa pamoja. Ukianguka rudi alhamisi inayofuata useme. Mimi niliteleza mara mbili mwaka wa kwanza na hakuna aliyenifukuza.

Kukutana na unayemjua, naye amekuja kwa alichokuja nacho. Kinachosemwa mle kinabaki mle, jina moja tu. Ila nakupa tahadhari kwa sababu si kila kikundi ni kikundi. Ukiona kuna kiingilio cha lazima, au mtu mmoja ndo bosi na wengine wanamwogopa, au wanaomba picha au jina la mkeo na mahali anapofanya kazi, toka. Kikapu cha hiari kulipia chumba na chai ni kawaida. Na siri ya chumba haimfuniki mtu anayeumiza mtoto au anayemlazimisha mtu, hiyo ni kesi, inaenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi au unapiga 116 bure.

La mwisho kwako, na usiliahirishe hata kidogo: nenda kapime wiki hii. Tunaishi kwenye mikoa hii, utafiti wa taifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4. Kupima ni bure. Kama kuna tukio la juzijuzi lisilo na kinga kimbia kituo cha afya sasa hivi, kuna dawa za kuzuia lakini lazima zianze ndani ya saa 72 na zinamezwa siku 28. Mpaka ujue majibu usimguse mkeo bila kinga. Na uzee wa kanisa, kwa maoni yangu pumzika kidogo. Kile kiti kinakulazimisha uonekane mzima, na wewe sasa hivi unahitaji sehemu ya kuonekana mgonjwa.

Barua ya pili

Mjomba shikamoo, mi niko Tukuyu, tumeoana miaka tisa. Mwaka jana nilikuta vitu kwenye simu ya mume wangu siwezi hata kuandika. Akalia akaomba msamaha akaingia kikundi cha kuacha, anaenda Mbeya kila wiki. Kweli amebadilika, yuko mpole, halali na simu. Ila mimi ndo nakufa Mjomba. Anarudi kule ana uso unang'aa, anawaambia watu baki mambo yote ya nyumba yangu, mi mkewe nikiuliza naambiwa subiri sponsa amesema bado wakati. Wakati gani? Tena sasa anasema tupumzike tendo la ndoa miezi miwili. Nimefanya kosa gani mimi? Usiku nashika simu yake nakagua mpaka asubuhi. Ndaga.
*Mama wawili, Tukuyu*

Mjomba anajibu

Marahaba binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na nimemkumbuka mama watoto wangu, maana aliniambia maneno haya karibu yaleyale, akasema umepona kwa watu na mimi umeniachia kidonda. Nilimjibu vibaya siku hiyo. Nimekuja kumwomba radhi baadae sana.

Hujafanya kosa lolote. Nasema hivyo kwanza kwa sababu najua kuna shangazi au jirani ameshakwambia hukumridhisha, na hilo ni uongo, alianza kabla hajakujua au angeanza hata angeoa malaika.

Kuna kitu sponsa wake yuko sahihi na kuna kitu nakataa waziwazi. Yuko sahihi kwamba mtu akiwa na wiki tatu tu asije akakumwagia kila jina na kila gesti ili yeye alale mwepesi halafu picha zile zibaki kichwani kwako miaka. Hatua ya tisa ya kurekebisha uliowakosea ina sharti ndani yake, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza. Lakini afya yako haisubiri hatua yoyote. Kama alilala na watu nje una haki ya kujua LEO, siyo majina, kujua kwamba ilitokea, na mkapime wote. Vilevile madeni, kama kuna nyumba au shamba la chai limewekwa rehani unatakiwa kujua. Mwambie Mjomba amesema, na ampelekee sponsa wake hili gazeti.

Kupumzika kwa muda wengi tunafanya mwanzoni, mwili ujifunze kwamba haufi. Ila inatakiwa kuwa makubaliano na si tangazo. Paulo kwa Wakorintho alisema msinyimane isipokuwa mmepatana kwa muda. Mmepatana. Kaeni mpange mpaka lini, na katika muda huo atakupa nini, kutembea pamoja jioni, kushikana mikono, kuongea bila simu. Wewe ukisema siko tayari basi hamjapatana.

Hiyo kazi ya kukagua simu usiku iache binti yangu, siyo kwa ajili yake, kwa ajili yako. Akitaka kuficha atanunua laini nyingine, mimi niliinunua. Unachohitaji ni mtu wako. Kama yeye ana chumba cha kulilia na wewe tafuta chako, mwanamke mmoja au wawili wanaojua kutunza neno, au mshauri. Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya ina idara ya afya ya akili, kwenda pale haina maana umechanganyikiwa, unaenda kwa sababu umeumizwa na hulali. Na wake wa watu wa kikundi wanaweza kukutana pia, mama watoto wangu alianza na mwenzake mmoja tu wakinywa chai jikoni.

Kukaa au kuondoka sitakuamulia. Usiamue ukiwa hujalala wiki.

Barua ya tatu

Assalaam alaykum Mjomba. Nasoma chuo hapa Iringa nina miaka 22. Sijawahi kuzini ila video na punyeto vinanisumbua, kama miezi mitano sasa, mara mbili tatu kwa wiki na nikimaliza najiona mnafiki mbele ya Mungu. Je mimi ni mraibu? Na kwetu tunafundishwa Mungu akikusitiri usijifichue, sasa kikundi cha kusema dhambi si kujifichua?
*Mwanafunzi, Iringa*

Mjomba anajibu

Waalaykum salaam kijana wangu. Pengine wewe si mraibu na nakuomba usijipachike hilo jina haraka. Shirika la Afya Duniani liliupitisha mwaka 2019 na kuanza kuutumia 2022 mwongozo wa magonjwa ambao una tatizo la tabia ya ngono isiyodhibitika, wao wameliweka kwenye shida za kushindwa kujizuia na hawakuliita uraibu, wataalamu bado wanavutana kuhusu hilo neno. Wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia kwa muda mrefu, miezi sita au zaidi, mpaka masomo, afya na mahusiano vinaharibika na bado anaendelea. Wakasema wazi kwamba kujisikia vibaya kwa sababu tu ya hukumu ya kimaadili peke yake hakutoshi kuitwa ugonjwa. Majuto yako ni ya imani yako, yapeleke kwenye toba, na toba unaijua kuliko mimi.

Kuhusu kujifichua mimi si mtu wa kutoa fatwa, muulize sheikh unayemwamini. Ninachoweza kukwambia ni kwamba mmoja wa Waislamu wa chumba chetu alimuuliza sheikh wake kabla hajaanza kuja, akajibiwa kwamba anayejitangaza kwa kujisifia na anayemwonyesha tabibu kidonda ni watu wawili tofauti. Anakuja mpaka leo, tukifunga kikao kwa sala yeye anaomba dua yake kimyakimya na hakuna anayemgusa.

Kwa sasa anza kidogo. Bando la usiku usinunue. Simu ikifika saa nne ichajiwe kwa mwenzako mnayelala chumba kimoja, na mwambie kwa nini, hata kama ni kwa sentensi moja, "nataka kuacha kitu fulani cha usiku nisaidie". Utaona hiyo sentensi ni nzito kuliko kufunga siku tatu. Fanya wiki mbili halafu niandikie tena, uniambie hasa ni saa ngapi inakushika na kabla ya hapo ulikuwa unafikiria nini.